Sifa ya Muuzaji na Uhakiki Wake katika Uwekezaji wa Viwanja: Mifano kutoka Dar es Salaam na Mombasa

Anayenunua kiwanja hununua haki, na haki haionekani kwa macho. Ndiyo maana katika biashara hii sifa ya anayeuza hupewa uzito usiopatikana katika biashara nyingine nyingi. Makala haya yanafafanua namna sifa hiyo inavyojengwa na kuhakikiwa. Hoja yake kuu ni kwamba sifa ya mtu na daftari la msajili hujibu maswali mawili tofauti, na hasara huanzia pale mwekezaji anapolichukua jibu la moja kuwa ni jibu la jingine.

Nchini Tanzania ardhi yote ni mali ya umma chini ya Rais akiwa mdhamini, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 humpa mtu haki ya kumiliki kwa muda usiozidi miaka 99. Penye hati, jina la mmiliki husomeka kwa msajili. Hata hivyo, sehemu kubwa ya makazi ya Dar es Salaam ilikua kabla ya kupimwa. Huko uthibitisho ni mkataba wa mauziano, saini za mashahidi na muhuri wa serikali ya mtaa. Muhuri huo hauumbi haki. Unaonyesha tu kwamba watu fulani walikutana na wakakubaliana.

Katika mazingira hayo, kumbukumbu za majirani hushika nafasi ya daftari. Dalali naye huishi kwa jina lake, ingawa ujira wake hutegemea mauzo kukamilika, na kwa sababu hiyo neno lake peke yake ni ushahidi dhaifu. Tofauti iliyopo ni baina ya dalali mkaazi, ambaye atakutana na mnunuzi msikitini, kanisani au sokoni kwa miaka ijayo, na dalali wa kupita asiye na cha kupoteza. Kipimo bora si sifa anazojipa, bali ni wanunuzi wake wa zamani: je, bado wanakaa katika viwanja alivyowauzia, na bila kesi? Wanunuzi hao inafaa watafutwe na mwekezaji mwenyewe, kwani shahidi aliyeletwa na dalali amekwisha kuchujwa.

Aidha, uaminifu wa muuzaji si mamlaka ya kuuza. Mzee anayeheshimiwa na mtaa mzima anaweza kuuza kiwanja cha marehemu kaka yake kwa nia njema kabisa, ilhali mahakama haijamteua kuwa msimamizi wa mirathi. Vilevile kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Majirani watamsifu muuzaji, na watakuwa wanasema kweli. Swali la ridhaa litabaki palepale.

Je, penye hati upekuzi wa daftari unatosha? Jibu zito limetoka nchi jirani ya Kenya. Mwezi Aprili 2023, katika shauri la Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu iliamua juu ya kiwanja cha ufukweni, Nyali. Kampuni hiyo ilikuwa na hati iliyosajiliwa, na mgao wa kwanza, wa mwaka 1989, ulikuwa umefanywa kwa Rais wa wakati huo. Mahakama iliona kwamba mgao haukufuata taratibu, hivyo hati zilizotokana nao hazikustahili ulinzi, wala mnunuzi hakuokolewa na dai la nia njema. Ni vigumu kufikiria jina zito kuliko hilo katika mnyororo wa umiliki. Uhakiki basi hauna budi kurudi nyuma hadi kwenye mgao wa kwanza.

Ugumu huongezeka kwa mwekezaji aliye mbali, Oman au Ulaya, anayenunua kupitia ndugu. Kumkagua ndugu huonekana kuwa ni kumtusi, na kwa hiyo mara nyingi hakaguliwi kabisa. Pesa hutumwa bila hati ya uwakilishi, mkataba huandikwa kwa jina la aliyepo, na kwa mashahidi wote wa mtaa mmiliki ni yule waliyemwona akilipa.