Utu Uzima Unaokwepwa na Utu Uzima Unaochelewa

Wachungaji wengi wamekutana na mtu wa miaka arobaini ambaye madeni yake hulipwa na mama yake, kazi huziacha kwa visingizio, na ndoa huiahirisha daima. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba hali hii haina budi kutofautishwa na nyingine ifananayo nayo kwa nje.

Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani, Dan Kiley, aliipa hali hiyo jina la Peter Pan, mvulana asiyekua katika tamthilia ya J. M. Barrie iliyochezwa London mwaka 1904. Jina lilienea, ingawa si ugonjwa unaotambuliwa rasmi na matabibu. Kabla yake, Marie-Louise von Franz, mwanafunzi wa Carl Jung, alimweleza mtu huyo kuwa anayeishi kana kwamba maisha yenyewe hayajaanza. Chini ya majivuno yake mna hofu, kwani kuchagua njia moja ni kuziaga nyingine.

Lakini si kila achelewaye anakwepa. Erik Erikson, katika kitabu chake cha mwaka 1958 juu ya ujana wa Martin Luther, alieleza kwamba jamii huwapa vijana muhula wa kujitafuta kabla ya kujifunga na wajibu wa kudumu. Luther aliacha masomo ya sheria mwaka 1505 akaingia utawani Erfurt, kinyume cha matakwa ya baba yake. Kwa Erikson, utawa ule ulikuwa muhula wa namna hiyo. Wanahistoria wamemkosoa, kwa kuwa habari za utoto wa Luther ni chache. Hata hivyo tofauti yenyewe yatufaa. Luther alingoja akiwa chini ya nidhamu: alisoma, aliungama, alifundisha. Mkwepaji hungoja ili asifanye lolote.

Kwa hiyo kijana asiyeoa kwa kukosa ajira au mahari asihukumiwe kuwa mkwepaji. Tuulize kwanza: je, wajibu mdogo ulio ndani ya uwezo wake anautimiza?

Naye akwepaye, kumkemea tu humwongezea aibu, na kumlipia madeni humwongezea utoto. Apewe jukumu dogo lenye watu wanaomtegemea, kisha aachwe aonje matokeo ya kulitimiza au kulitupa. Wahenga walinena, mkubwa ni jaa: ukubwa ni kukubali kubeba hata yale yaliyotupwa na wengine.