Sakafu ya moto Oslo, bati la moto Mvumi

Mtu wa Kilosa aliyehamia Norwe akipiga simu nyumbani mwezi wa Januari, wanaomsikiliza hushangaa jambo moja. Nje theluji imefika magotini, naye yuko peku sebuleni, bila jiko wala moto wa kuni. Chini ya vigae vya sakafu yake mafundi wamelaza mabomba membamba ya plastiki, yamezungushwa chumba kizima, na maji ya vuguvugu yanapita humo usiku na mchana. Yanapashwa na mashine iitwayo pampu ya joto. Huko Norwe zaidi ya nusu ya kaya zinazo, ingawa nyingi hupuliza hewa ya moto tu bila kuunganishwa na sakafu.

Mashine yenyewe si ngeni hata Mvumi (ya Kilosa, si ile ya Dodoma yenye hospitali ya misheni). Iko kila duka linalouza soda baridi. Pitisha mkono nyuma au ubavuni mwa friji, utakuta pana joto. Ndani ya mabomba yake mna kimiminika kinachochemka hata kwenye baridi kali. Kikichemka hunyonya joto la soda, kikageuka mvuke. Kompresa, ile inayonguruma na kunyamaza, huukandamiza mvuke huo hadi uwe wa moto. Kisha mvuke hupita kwenye mabomba ya nje, huachia joto lake hewani na kurudi kuwa kimiminika. Pampu ya joto hufanya kazi hiyohiyo, ila inanyonya joto kutoka hewa ya nje, mtoni au ardhini, na kuliachia ndani ya nyumba. Hata hewa ya nyuzi sifuri ina joto la kunyonywa. Jengo la baraza la jiji la Zürich, Uswisi, lilifungwa mashine ya namna hiyo mwaka 1938, ikichota joto kwenye mto Limmat.

Faida yake ni kwamba umeme hautumiki kutengeneza joto, unatumika kulihamisha. Hita ya waya ikila uniti moja ya umeme inakupa uniti moja ya joto. Pampu nzuri inaweza kukupa tatu au nne. Lakini ina sharti: kadiri unavyotaka maji ya moto zaidi, ndivyo kompresa inavyotaabika na luku kuisha haraka. Radieta za ukutani ni ndogo, kwa hiyo mifumo ya zamani iliziletea maji ya nyuzi 60 au 70. Sakafu ina upana wa chumba chenyewe, kwa hiyo maji ya nyuzi 30 hadi 40 yanatosha. Viwango vya Ulaya vinataka uso wa sakafu, pale watu wanapokaa, usizidi nyuzi 29, yaani iwe baridi kuliko ngozi yako. Na bado chumba kinakuwa kizuri, kwa sababu mwili hupoteza sehemu kubwa ya joto lake kwa kulirusha kuelekea vitu baridi vinavyouzunguka. Uso mpana ukiwa na joto kidogo tu, upotevu huo unapungua.

Kwa maoni yangu, hilo la uso mpana ndilo lenye manufaa kwa msomaji wa Mvumi, ambaye hana haja ya kupasha sakafu. Kwake uso mpana wenye joto uko juu ya kichwa. Bati lililochomwa na jua la Novemba linaweza kupita nyuzi 60 saa saba mchana, na nyumba isiyo na dari inalipokea joto hilo moja kwa moja. Jua likizama, bati hupoa upesi. Utalisikia likilia tak, tak linapojikunja. Kuta za matofali ya kuchoma haziachii haraka hivyo. Zilichokunywa mchana zinakirudisha chumbani hadi usiku wa manane, na mwili unaotaka kurusha joto ili ulale haupati pa kulirusha. Watu hutandika mkeka sakafuni, na wana haki: saruji iliyogusana na ardhi ndiyo sehemu baridi kuliko zote ndani ya nyumba.

Madhara yake hayaishii kwenye usingizi. Joto ni miongoni mwa sababu ambazo watu hutaja mara kwa mara wanapoulizwa kwa nini hawakulala ndani ya chandarua. Katika bonde lenye mito na mashamba ya mpunga, usiku mmoja nje ya neti unamtosha mbu wa malaria.

Je, mabomba ya sakafuni yangeweza kupitisha maji baridi? Yanaweza, na nchi nyingine hufanya hivyo, ila wakati wa masika, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, sakafu ingetoka jasho na kuteleza. Isitoshe, adui yuko juu. Dari, hata la bei nafuu, huzuia bati lisikutazame. Paa lililopakwa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua, na matundu ya hewa chini ya paa huondoa joto lililojikusanya. Fedha ya kompresa ingefanya kazi kubwa zaidi hapo.

Wilaya za baridi ni habari nyingine. Makete na Njombe mwezi wa Juni na Julai, sakafu ya vuguvugu ingekuwa neema, na anayejenga huko aweke kizuia joto chini ya zege kabla ya kumwaga, maana baadaye haiwezekani bila kubomoa. Kwa sasa wengi hutegemea jiko la mkaa. Mvumi nako jiko huingizwa chumbani, hasa pakiwa na mzazi na kichanga. Jiko hilo lina hatari yake. Wakorea, wenye desturi ya kale ya kupasha sakafu kwa moshi wa moto uliopitishwa chini yake, walipoteza watu wengi katika miaka ya 1960 na 1970, walipokuwa wakitumia vipande vya makaa ya mawe na sakafu kupata nyufa. Baadaye mabomba ya maji yakachukua nafasi ya moshi. Kilichowaua ni kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mkaa unaowaka bila moshi huitoa vilevile. Watu wa chumba kimoja wakiumwa kichwa kwa pamoja, wakasikia kichefuchefu na kulegea, fungua milango, watoe wote nje kwanza, kisha wapelekwe kituo chenye oksijeni, hata yule anayesema ameshapata nafuu.