Haki ya njia England: Kwa nini farasi hapiti kila mahali

Katika mashamba, misitu na vilima vya England kuna mtandao wa njia za umma ambao urefu wake unakaribia kilomita 190,000. Nyingi ya njia hizo hupita ndani ya ardhi ya watu binafsi: katikati ya shamba la ngano, kando ya malisho ya kondoo, na wakati mwingine mbele ya mlango wa nyumba ya mkulima.

Mtu anayekwenda kwa miguu ana haki ya kuzipita zote. Mpanda farasi anaruhusiwa kwenye takriban asilimia 22 tu ya mtandao huo.

Mara nyingi tofauti hiyo haitokani na upana wa njia wala hali ya ardhi. Hutokana na namna njia ilivyoandikwa katika ramani inayotunzwa na serikali ya mtaa. Kwa zaidi ya miaka 20 sasa kumekuwa na mvutano kuhusu ramani hiyo: je, njia za kale ambazo hazikuandikwa ziendelee kutambuliwa, au zifutwe?

Njia ni haki, ardhi ni ya mwenyewe

Kwa mujibu wa sheria za England, njia ya umma ni barabara sawa na barabara ya lami. Ardhi iliyo chini yake hubaki kuwa mali ya mwenye shamba, lakini umma una haki ya kupita juu yake wakati wowote, usiku na mchana, bila kuomba ruhusa na bila kulipa.

Haki hiyo haifi kwa sababu ya kutotumika. Hata kama hakuna aliyepita kwa miaka 100, njia hubaki kuwa njia mpaka amri ya kisheria itolewe ya kuifunga au kuihamisha.

Njia hizo zimegawanywa katika aina 4, na kila aina ina mshale wa rangi yake kwenye vibao na nguzo za malango.

Mshale wa manjano unaonesha njia ya waendao kwa miguu peke yao. Mshale wa buluu ni wa njia ya farasi, ambayo pia iko wazi kwa watembea kwa miguu na, tangu mwaka 1968, kwa waendesha baiskeli, kwa sharti kwamba mwendesha baiskeli awapishe wengine.

Mshale wa zambarau unaonesha njia ambayo inaruhusu pia magari yanayokokotwa na wanyama, lakini si magari ya injini. Mshale mwekundu ni wa njia iliyo wazi kwa wote, yakiwemo magari na pikipiki.

Katika sheria hizo, neno farasi linajumuisha pia punda na baghala. Kwa hiyo mwenyeji wa Lamu aliyezoea kusafiri kwa punda angekuwa na haki ile ile kwenye mshale wa buluu kama mpanda farasi yeyote wa England.

Ramani iliyochorwa baada ya vita

Mapambano ya kufungua maeneo ya mashambani kwa umma yana historia ndefu. Tukio linalokumbukwa zaidi ni la tarehe 24 Aprili mwaka 1932, pale mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi kutoka Manchester na Sheffield, walipopanda mlima wa Kinder Scout katika jimbo la Derbyshire bila idhini ya wenye ardhi. Vijana 5 kati yao walifungwa jela.

Miaka 17 baadaye, mwaka 1949, Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha hifadhi za taifa na kuziagiza halmashauri za majimbo kuchora ramani rasmi ya haki za njia. Kazi ya kukagua njia ilianzia vijijini. Mabaraza ya vijiji yalitakiwa kuorodhesha kila njia waliyoamini kuwa ni ya umma, na aina yake.

Hapo ndipo tatizo la wapanda farasi lilipoanzia. Katika miaka ya 1950, farasi alikuwa amekwisha kupoteza nafasi yake kama chombo cha usafiri na cha kilimo. Wakaguzi waliandika walichokiona, na walichokiona mara nyingi kilikuwa ni nyayo za watu. Njia kadhaa zilizotumiwa na farasi kwa karne nyingi ziliandikwa kuwa ni za waendao kwa miguu. Nyingine hazikuandikwa kabisa.

Hata hivyo, sheria iliacha mlango wazi. Njia ikiwemo katika ramani, huo ni ushahidi usiopingika kwamba haki iliyooneshwa ipo. Lakini ramani kunyamaza si ushahidi kwamba haki kubwa zaidi haipo. Kwa maneno mengine, njia iliyoandikwa kuwa ya miguu inaweza bado kuwa na haki ya farasi iliyofichika, ikiwa atapatikana mtu wa kuithibitisha.

Nani anafanya kazi gani

Usimamizi wa njia umegawanywa kati ya serikali za mitaa na wenye ardhi, na mgawanyo huo ndio unaozua malalamiko mengi.

Halmashauri inawajibika kwa uso wa njia, madaraja mengi, vibao vinavyoonesha njia inapoachana na barabara kuu, na magugu yanayoota ndani ya njia yenyewe. Ni wajibu wake pia kuhakikisha kuwa hakuna anayeziba njia, na inaweza kumfikisha mahakamani anayefanya hivyo.

Mwenye ardhi hutunza malango na vipandio vya kuvukia ua, ingawa anaweza kudai kutoka kwa halmashauri angalau robo ya gharama. Hupunguza pia matawi yanayoning'inia kutoka upande wake. Kwenye njia ya farasi haruhusiwi kuweka vipandio, na lango lazima liwe na upana usiopungua mita moja na nusu, ili mnyama na mpandaji wake wapite salama.

Mkulima anaruhusiwa kulima njia inayokatiza katikati ya shamba ikiwa hawezi kuikwepa, lakini lazima airudishe katika hali yake ndani ya siku 14 baada ya kulima kwa mara ya kwanza kwa ajili ya zao hilo, na ndani ya saa 24 kwa kila mara inayofuata. Njia ya miguu katikati ya shamba inatakiwa kubaki na upana wa angalau mita 1, na ya farasi mita 2. Njia inayopita kandokando ya shamba hailimwi kabisa.

Hizo ndizo kanuni. Utekelezaji wake hutegemea uwezo wa kila halmashauri, na njia za mashambani hushindania fedha zile zile na barabara za lami, shule na huduma za wazee.

Serikali kuu hutoa mchango wake zaidi kupitia njia za taifa, zinazosimamiwa kwa viwango vya shirika la Natural England. Mojawapo ni South Downs Way, yenye urefu wa kilomita 160 kutoka Winchester hadi Eastbourne, ambayo farasi anaweza kuifuata yote.

Nyingine ni Pennine Bridleway, iliyobuniwa mahususi kwa ajili ya wapanda farasi. Njia hiyo ilitokana kwa kiasi kikubwa na juhudi za Lady Mary Towneley, ambaye mwaka 1986 alisafiri kwa farasi kutoka Northumberland hadi Derbyshire ili kuonesha hali mbaya ya njia. Alifariki mwaka 2001. Sehemu ya njia hiyo inayozunguka kwa kilomita 75, na ambayo inaitwa kwa jina lake, ilifunguliwa mwaka uliofuata.

Vipande visivyoungana

Kwa mpanda farasi, uchache wa njia si tatizo pekee. Tatizo jingine ni kwamba njia zilizopo hazikutani. Njia ya buluu inaweza kuanzia kwenye msitu, ikapita mashamba mawili, kisha ikaishia kwenye barabara ya magari yanayokwenda kasi. Kuifikia njia nyingine, hana budi kupita barabarani.

Farasi ni mnyama mwenye silika ya kukimbia anaposhtuka, na ajali kati ya farasi na magari zimekuwa zikigharimu maisha ya wanyama na ya watu. Mwezi Januari mwaka 2022 kanuni za barabarani za Uingereza zilirekebishwa, na sasa madereva wanashauriwa kuwapita farasi kwa mwendo usiozidi maili 10 kwa saa, yaani kilomita 16, na kuacha nafasi ya angalau mita 2.

Kwa hiyo kipande cha njia chenye urefu wa mita 500 tu, kikirudishwa katika ramani, kinaweza kumwondoa mpanda farasi kwenye barabara ya hatari. Ndiyo maana mjadala wa ramani za kale si wa wanahistoria pekee.

Tarehe iliyohama mara kadhaa

Mwaka 2000 Bunge lilipitisha sheria mpya ya haki za njia. Sheria hiyo iliwapa watu haki ya kutembea kwa uhuru katika nyika na milima iliyotengwa, lakini haki hiyo ni ya waendao kwa miguu tu.

Ndani ya sheria hiyo hiyo kulikuwa na kifungu kingine: haki za miguu na za farasi zilizokuwepo kabla ya mwaka 1949, ambazo zingekuwa hazijaandikwa kufikia tarehe 1 Januari mwaka 2026, zingefutwa. Lengo lilikuwa kuwapa wenye ardhi uhakika, ili mtu anunuapo shamba asije akashtukizwa na hati ya miaka 200 iliyopita.

Serikali ilianzisha mradi wa kutafuta njia zilizopotea, lakini mradi huo ulisitishwa mwaka 2008. Kazi ikabaki mikononi mwa watu wa kujitolea. Mwaka 2020 chama cha watembea kwa miguu, Ramblers, kilikadiria kuwa njia zenye urefu wa zaidi ya maili 49,000, sawa na kilomita 79,000, huenda zimekosekana katika ramani za England na Wales.

Mwaka 2022 serikali ilisema itaifuta tarehe hiyo ya mwisho. Mwaka 2023 ikabadili msimamo na kuisogeza hadi tarehe 1 Januari mwaka 2031. Baada ya mabadiliko ya serikali, Disemba mwaka 2024 ilitangazwa tena kuwa tarehe hiyo itafutwa kabisa pindi Bunge litakapopata nafasi.

Wanaotaka ifutwe wanakumbusha yaliyotokea mwaka 2006, wakati sheria nyingine ilipofuta haki nyingi za magari ya injini ambazo hazikuwa zimeandikwa. Kwao, huo ni mfano kwamba haki ya karne nyingi inaweza kuondoka kwa siku moja.

Wakulima kwa upande wao wana hoja zisizopuuzwa. Kwato za farasi katika majira ya mvua hugeuza njia kuwa tope. Mbwa wasiofungwa husumbua kondoo wenye mimba. Na njia inayopita katikati ya uwanja wa mashine kubwa za kilimo ni hatari kwa mpitaji kuliko kwa mkulima. Wengi wao hawapingi njia kuwepo, bali wanataka iwe rahisi kuihamishia pembeni.

Namna haki inavyothibitishwa

Mtu anayetaka njia iingizwe katika ramani, au daraja lake lipandishwe, huomba kwa halmashauri. Kuna ushahidi wa aina mbili.

Wa kwanza ni wa nyaraka: hati za karne ya 18 na 19 za kugawa ardhi za pamoja, ramani za zaka zilizotokana na sheria ya mwaka 1836, michoro ya reli, na ramani za kodi ya ardhi ya mwaka 1910.

Wa pili ni wa matumizi. Ikiwa watu wamepita mahali kwa miaka 20 mfululizo, bila kutumia nguvu, bila kujificha na bila kuomba ruhusa, sheria huchukulia kuwa mwenye ardhi aliitoa njia hiyo kwa umma, isipokuwa kama kuna dalili kwamba hakukusudia hivyo. Si lazima mtu mmoja awe amepita kwa miaka yote 20. Miaka ya watu mbalimbali huunganishwa. Lakini ili kupata haki ya farasi, waliopita lazima wawe walipita na farasi.

Mabishano yakizidi, mkaguzi kutoka serikali kuu huteuliwa kusikiliza pande zote. Shughuli hiyo huchukua miaka, na maelfu ya maombi yamerundikana.

Scotland ilichagua mkondo mwingine. Sheria yake ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika Februari mwaka 2005, inampa kila mtu haki ya kupita karibu katika ardhi yote kwa miguu, kwa baiskeli au kwa farasi, mradi awe mwangalifu. Huko swali la kwanza ni jinsi mtu anavyopita. Upande wa kusini wa mpaka, swali la kwanza ni nini kimeandikwa.

Haki ya njia England haitegemei uraia. Mhamiaji kutoka Mombasa, Unguja au Bujumbura anayeishi Leicester ana haki ile ile ya kupita kama mzaliwa wa kijiji husika. Anaweza kuiarifu halmashauri kuhusu njia iliyozibwa, na kutoa ushahidi wa njia aliyoitumia.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa njia za England, daftari hilo bado liko wazi, na anayepita leo na farasi wake bila kuandika mahali popote kwamba alipita, huenda asiwe na cha kuonesha siku lango litakapofungwa kwa kufuli.