Pima mshahara wa mjini baada ya kulipa kodi ya nyumba

WAKULIMA wengi hulalamika kwamba vijana wanakimbia mashamba kwa sababu ya mishahara ya mjini. Ukitazama viwango vya serikali pekee, utawaelewa vijana hao.

Mnamo Mei 2022, mshahara wa chini wa kibarua katika Nairobi, Mombasa na Kisumu uliwekwa kuwa Sh15,201 kwa mwezi. Kibarua wa shambani asiye na ujuzi aliwekewa Sh7,544. Nyongeza ya asilimia 6 ya Novemba 2024 haikuziba pengo hilo.

Lakini viwango hivyo havijahesabu nyumba. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007 humtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa au pesa za kutosha kulipia kodi, isipokuwa mkataba uwe umeonyesha kwamba pesa hizo zimo ndani ya mshahara. Katika amri ya jumla ya mishahara, marupurupu ya nyumba ni asilimia 15.

Basi tupige hesabu. Asilimia 15 ya Sh15,201 ni Sh2,280. Chumba cha Nairobi hakipatikani kirahisi kwa pesa hizo. Tuseme kibarua wetu amepata cha Sh5,000. Atabaki na Sh12,481. Akitumia nauli ya Sh100 kwa siku, siku 26 za kazi, anabaki na Sh9,881, na bado hajanunua maji ya mtungi.

Mwenzake anayelala katika nyumba ya kampuni ya majani chai kule Kericho au Nandi hutembea hadi kazini, na Sh7,544 zake hazijaguswa. Pengo lililokuwa Sh7,657 sasa ni Sh2,337. (Wenye chama cha wafanyakazi hulipwa zaidi ya kiwango cha chini, kwa hiyo kwao pengo ni dogo zaidi.)

Mkulima anayeishi kwake naye ana pato asiloliona. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba kaya nyingi za vijijini zinamiliki nyumba, ilhali nyingi za mijini hupanga. Watakwimu wanapokadiria pato la taifa huhesabu hata kodi ambayo mwenye nyumba angelipa kama angekuwa mpangaji.

Hata hivyo, hesabu hiyo isitulevye. Karo ya shule hailipwi kwa paa. Nyumba ya kijijini ambako hakuna wapangaji haiwezi kugeuzwa pesa mwisho wa mwezi. Na nyumba ya kampuni hufuata kazi: mashine za kuchuma majani chai zilipopunguza vibarua, aliyeachishwa alipoteza mshahara na makao kwa pamoja. Kwa maoni yangu, makao ya aina hiyo yana thamani ndogo kuliko chumba cha kupanga cha ukubwa uo huo.

Mkulima mdogo anayemwajiri mkamaji na kumpa chumba kando ya zizi asidhani haya ni ya makampuni tu. Aandike kwenye mkataba kwamba makao ni sehemu ya malipo. Madai ya marupurupu ya nyumba hufika mara kwa mara katika mahakama ya ajira, aghalabu baada ya mfanyakazi kuondoka, na asiye na karatasi hupata shida kujitetea.