Fizi kwa milimita, adha kwa maswali

Mtu akitema mate mekundu asubuhi, wa kwanza kulaumiwa ni mswaki: mgumu huu, tununue laini. Mara nyingi mswaki hauna kosa. Fizi inayotoa damu kila ikiguswa kwa kawaida imeshavimba kwa sababu ya ukoga, ule utando wa bakteria unaojikusanya shinani mwa jino na, ukiachwa, kuwa ugaga mgumu usiotoka kwa mswaki wowote.

Macho hayatoshi kupima ugonjwa huu. Daktari wa meno hutumia kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Kile cha Shirika la Afya Duniani kina kitone cha duara cha nusu milimita nchani, kisije kikachoma. Hupenyezwa taratibu kati ya fizi na jino, sehemu 6 kwa kila jino. Mwenye meno 28 ana vipimo 168, na msaidizi anaandika kila namba inayotajwa. Milimita 1 hadi 3 ni kawaida. Kuanzia 4, mfuko unahesabiwa kuwa umechimbika, na 6 au zaidi ni shimo refu.

Ila kina peke yake kinadanganya. Fizi inaweza kushuka ikaacha mzizi wazi kwa milimita 3, na mfuko uliobaki ukasoma 3 tu. Kwa haraka utasema salama. Ukipimia pale kichwa cha jino kinapokutana na mzizi, ufizi umebanduka milimita 6. Wavutaji sigara wanatatanisha zaidi, kwani tumbaku hupunguza damu kwenye fizi: ugonjwa upo, dalili imefichwa.

Yote hayo hayasemi jioni mgonjwa alikula nini. Ndiyo maana katika miaka ya 1990 watafiti walitunga kipimo cha maswali kiitwacho OIDP. Kinauliza kama katika miezi 6 iliyopita kinywa kimekutatiza kula, kuongea, kusafisha meno, kulala, kucheka bila aibu, kutulia moyo, kufanya kazi na kujumuika na watu. Mwaka 2003 Joyce Masalu na Anne Åstrøm walichapisha matokeo ya kukijaribu kwa wanafunzi wa Tanzania.

Vipimo hivi viwili havipatani kila mara. Jino moja lililotoboka litamkesheza mtu usiku kucha, huku fizi zikiliwa miaka kumi bila kuuma. Tena watu huzoea. Mzee aliyeacha muwa, kisha nyama, kisha mahindi ya kuchoma, na sasa anatafuna upande mmoja, akiulizwa kama ana shida ya kula hujibu, "Hapana, nakula vizuri tu," na kwenye fomu huandikwa sifuri.