Mtoto Anayetulia Mbele ya Katuni

Mtoto akitajwa kuwa na tatizo la upungufu wa umakini, yaani ADHD, swali la kwanza la ndugu na majirani huwa hili: mbona akiwekewa katuni anatulia saa mbili nzima? Wengi huona hapo ndipo ushahidi ulipo kwamba ni utundu tu, akitaka anaweza. Kwa maoni yangu, katuni hizo ndizo zinazotueleza tatizo lenyewe. Umakini anao, kinachomshinda ni kuuelekeza panapohitajika, hasa katika kazi ambayo faida yake haionekani papo hapo. Katuni humvuta yenyewe. Mtazame huyohuyo akinakili kazi ubaoni: anaandika maneno matatu, anainua kichwa, macho yanamwendea mwenzake anayechonga penseli, na akirudi ubaoni hajui alipoishia, anaruka mstari mzima. Mwalimu akisahihisha daftari anaona uvivu.

Si uvivu. Tafiti za mapacha zimeonyesha kwamba takriban asilimia 70 hadi 80 ya tofauti za dalili hizi kati ya watu hutokana na urithi. Mwaka 2007, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Philip Shaw walichapisha matokeo ya kupima ubongo wa watoto kwa picha za MRI. Kwa watoto wasio na tatizo hili, umri wa wastani ambao nusu ya sehemu za tabaka la nje la ubongo zilikuwa zimefikia unene wa juu ulikuwa miaka 7 na nusu hivi. Kwa wenye ADHD, miaka 10 na nusu. Pengo lilikuwa kubwa zaidi sehemu za mbele, zinazotusaidia kujizuia na kupanga mambo. Fimbo haiharakishi ukuaji huo. Inamfundisha mtoto kuogopa daftari.

Wapo wanaosema haya ni maradhi ya kizungu yaliyoletwa na simu. Lakini daktari George Still aliwaeleza wenzake London kuhusu watoto wa namna hii mwaka 1902, kabla ya runinga, na tafiti za mabara mbalimbali hukadiria kuwa watoto wapatao 5 katika kila 100 wanalo. Pingamizi lenye uzito ni jingine: katika nchi kadhaa, watoto wadogo kiumri kuliko wenzao darasani ndio hupewa jina hili zaidi, maana yake uchanga hudhaniwa kuwa ugonjwa. Nalikubali. Lakini mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unataka dalili ziwe zimejitokeza kabla ya miaka 12, zidumu angalau miezi 6, zionekane mahali pawili au zaidi, kama nyumbani na shuleni, na ziwe zinamkwamisha kweli. Kabla ya yote, masikio yapimwe, usingizi uulizwe, na kifafa kile cha kuduwaa kwa sekunde chache kisisahauliwe.

Wanaosahaulika kabisa ni wasichana wanaokaa kimya nyuma ya darasa, mawazo yakiwa mbali, kwa kuwa hawamsumbui mtu. Wakikua, kukimbiakimbia si shida yao: pesa ya kodi ipo mkononi na tarehe inapita, kazi tano zimeanzwa na hakuna iliyomalizika. Dawa kama methylphenidate hupunguza dalili kwa wengi, watoto na watu wazima, chini ya uangalizi wa daktari. Na kwa kuwa urithi una nguvu kiasi hiki, daktari anayempima mtoto afanye jambo moja zaidi: amuulize mama na baba walivyokuwa darasani.