Je, Wajua? Punje ya Ubongo Inabeba Siri za Ukoo

Kipande kidogo cha ngozi kinaweza kukuzwa kikawa tishu ya ubongo. Mwaka 2013, huko Vienna, Madeleine Lancaster na Jürgen Knoblich walionyesha jinsi ya kupata vipande vya tishu hiyo vyenye upana wa hadi milimita 4.

Kila kipande hubeba vinasaba vya mwenye ngozi, wala si vyake peke yake. Mtu wa Butiama, mkoani Mara, akitoa sampuli, ametoa pia sehemu ya siri za nduguze walioko Bunda na Musoma, ambao hawakuulizwa. Ni haki kabisa kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 imeziweka taarifa za vinasaba miongoni mwa taarifa nyeti.

Mkoa wa Mara unaujua utafiti wa afya tangu zamani. Kuanzia 1977 hadi 1982, watoto wa chini ya miaka 10 huko Mara Kaskazini, yaani Tarime na Rorya za leo, waligawiwa klorokwini ili ijulikane kama kuzuia malaria kungepunguza saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya.

Seli za saratani hiyohiyo, zilizochukuliwa kwa wagonjwa wadogo wa Uganda na Kenya miaka ya 1960, zingali zinakuzwa katika maabara mbalimbali duniani. Baadhi zinaitwa kwa majina ya wagonjwa wenyewe! Kwa heshima yao, hayatajwi hapa.

Leo utafiti wa afya nchini huhitaji kibali cha maadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ndiyo msimamizi mkuu. Sampuli ikivuka mpaka, lazima kuwe na mkataba wa maandishi.